Kompyuta Ikikataa Kutambua Kifaa: Okoa Faili Kwanza, Tengeneza Baadaye

ELIMU KWA MKAZI

Huduma nyingi ambazo zamani zilikulazimu kupanga foleni sasa hupatikana kwa kompyuta. Taarifa ya ushuru ya kila mwaka huwasilishwa kupitia iTax, na makataa kwa mtu binafsi ni Juni 30. Anayeomba kazi ya serikali, zabuni au mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuambatisha nakala za vyeti. Kwa wakazi wengi, nakala hizo zimo ndani ya flashi, simu au diski ya nje. Siku ya mwisho ikiwadia, unachomeka flashi na kompyuta inakaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu.

Tatizo hili huleta hasara za aina mbili. Ya kwanza ni pesa: unamlipa fundi kwa kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe kwa dakika kumi. Ya pili ni kubwa zaidi: katika haraka ya kutengeneza, unabonyeza kitufe kinachofuta vyeti, hesabu za kikundi au picha za familia ambazo hazina nakala nyingine popote.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata nyumbani, kuanzia zile rahisi na salama hadi zile zinazohitaji uangalifu. Maelezo ni ya kompyuta zinazotumia Windows, na majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza jinsi yanavyoonekana kwenye skrini.

Jinsi kompyuta inavyotambua kifaa

Teknolojia ya USB ilitolewa mwaka wa 1996 ili tundu la aina moja litumike kwa vifaa vingi. Kabla ya hapo, kibodi, kipanya na printa vilikuwa na matundu yake tofauti. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne ndani yake. Mbili hupeleka umeme wa volti 5, na mbili hupitisha mawasiliano.

Unapochomeka kifaa, mambo manne hufuatana:

1. Kifaa hupata umeme.
2. Kifaa hujitambulisha kwa kompyuta, yaani hueleza ni cha aina gani na kimetengenezwa na nani.
3. Windows hutafuta draiva, ambayo ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa hicho.
4. Kama ni flashi au diski, Windows husoma mpangilio wa faili na kukipa kifaa herufi, kwa mfano E au F.

Kifaa kisipoonekana, moja kati ya hatua hizi nne imekwama. Kazi yako ni kujua ni ipi, na dalili zake ni hizi:

- Hakuna taa, hakuna mlio, hakuna ujumbe: chunguza umeme, kebo na tundu.
- Ujumbe unasema "USB device not recognized": kifaa kimepata umeme lakini kimeshindwa kujitambulisha.
- Kifaa kinaonekana kwenye orodha kikiwa na alama ya manjano ya mshangao: mara nyingi shida iko kwenye draiva.
- Mlio umesikika lakini flashi haina herufi, au Windows inataka uifomati: shida iko kwenye mpangilio wa faili.

Tahadhari ya kwanza: usibonyeze "Format"

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha kina mama. Flashi yake ina daftari la wanachama, cheti cha usajili na hesabu za miaka mitatu. Kikundi kinaomba zabuni kati ya zile asilimia 30 ambazo serikali imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mwisho wa kutuma ni kesho. Anachomeka flashi na skrini inamwambia kwamba ni lazima aifomati kabla ya kuitumia. Chini kuna vitufe viwili: "Format disk" na "Cancel".

Kinachofaa ni kubonyeza "Cancel". Ujumbe huo una maana kwamba Windows imeshindwa kusoma orodha ya faili. Hauna maana kwamba faili zenyewe zimepotea. Ni kama kitabu kilichochanika ukurasa wa yaliyomo: sura zinaweza kuwa bado zimo ndani. Fomati ya haraka huweka orodha mpya iliyo tupu. Fomati kamili huenda mbali zaidi, kwani huandika juu ya yale yaliyokuwemo, na hapo matumaini ya kuyapata huisha.

Vivyo hivyo, Windows ikikutaka ubonyeze "Initialize Disk" kwenye diski yenye kazi zako, katalia hapo kwanza. Usihifadhi faili mpya kwenye flashi yenye hitilafu, kwa sababu kila unachoandika kinaweza kufunika kile unachotaka kuokoa.

Hatua ya 1: Mjue mkosaji

Kuna wanne wa kushukiwa: kifaa, kebo, tundu na kompyuta. Wapime mmoja baada ya mwingine. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na kifaa kikafanya kazi, hutajua ni lipi lililosaidia.

- Chomeka kifaa kwenye tundu lingine la kompyuta hiyo hiyo.
- Badilisha kebo, kama kifaa kinatumia kebo.
- Chomeka kifaa kingine unachojua ni kizima kwenye tundu lile la kwanza.
- Peleka kifaa chako kwenye kompyuta nyingine.

Kifaa kikifanya kazi kwenye kompyuta nyingine, usikirudishe nyumbani mara moja. Nakili kwanza faili zako muhimu hapo hapo, kisha uzitume kwa barua pepe yako au uziweke kwenye kifaa kingine. Katibu wetu akifanya hivyo kwa jirani, ombi la zabuni litaondoka kwa wakati hata kama flashi itakufa usiku huo. Kama ni kompyuta ya saiba, ondoka kwenye akaunti yako na ufute nakala ulizoziacha, hadi ndani ya "Recycle Bin".

Kifaa kikikataa kwenye kompyuta mbili au tatu, tatizo ni la kifaa au kebo yake. Kikikataa kwako tu, tatizo ni la kompyuta yako, na hatua zinazofuata zitakusaidia.

Hatua ya 2: Umeme, tundu na kebo

Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma yameunganishwa moja kwa moja na bodi kuu. Yale ya mbele hutegemea kebo ndogo iliyo ndani ya kasha, ambayo inaweza kulegea. Kwa hiyo kifaa kikikataa mbele, jaribu nyuma.

Ondoa kigawanyio cha USB, kile kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, hadi miliampia 900. Ukigawa kiasi hicho kwa vifaa kadhaa, diski ya nje inaweza kukosa nguvu ya kuzunguka. Dalili yake ni mlio mdogo wa kugonga au diski inayowaka na kuzima. Chomoa vifaa vingine, kisha uchomeke diski peke yake.

Angalia ndani ya tundu kwa kurunzi. Vumbi litoe kwa brashi laini na kavu, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kutoka kwa umeme. Usitumie pini, sindano wala kitambaa chenye maji. Kama kile kiulimi cha plastiki ndani ya tundu kimevunjika, usichomeke kitu humo tena. Vipande vyake vya chuma vinaweza kugusana na kuharibu bodi.

Baada ya hapo, anzisha kompyuta upya kwa kuchagua "Restart". Wengi huchagua "Shut down" wakidhani kompyuta imezimika kabisa. Kwenye kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11, "Shut down" huhifadhi sehemu ya mfumo ili kompyuta iwake haraka kesho yake, na hitilafu inaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. "Restart" huanza upya kabisa. Kama ni kompyuta ya mezani na bado inakataa, izime, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, kisha uirudishe kwenye umeme na kuiwasha.

Hatua ya 3: Simu inachaji lakini haionekani

Hili ni lalamiko la kawaida, na lina sababu mbili kuu.

Ya kwanza ni kebo. Kebo nyingine za bei ya chini zina nyaya mbili tu za umeme na hazina zile za mawasiliano. Zitachaji simu mwaka mzima bila kupitisha picha hata moja. Jaribu kebo iliyokuja na simu, au ile ambayo umewahi kuitumia kuhamishia faili.

Ya pili ni ulinzi wa simu yenyewe. Simu ya Android ikichomekwa kwenye kompyuta kwa kawaida huchaji tu. Ifungue kwa nywila yako, vuta chini orodha ya arifa, gusa arifa inayotaja USB, kisha uchague "File transfer". Simu ya iPhone hukuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Gusa "Trust" na uweke nywila. Fanya hivyo kwenye kompyuta unayoijua. Ukiwa saiba na unataka kuchaji tu, kataa.

Hatua ya 4: Chunguza draiva

Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Device Manager". Utaona orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Tafuta chenye alama ya manjano au kilichoandikwa "Unknown USB Device". Kibofye mara mbili usome namba ya hitilafu:

- Code 22: kifaa kimezimwa ndani ya Windows. Kibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Enable device".
- Code 28: draiva haijawekwa.
- Code 10: kifaa kimeshindwa kuanza.
- Code 43: kifaa kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Inaweza kuwa draiva, kebo au kifaa chenyewe kimeharibika.

Kwa Code 10 na 43, bofya jina la kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua "Uninstall device", chomoa kifaa, fanya "Restart", kisha uchomeke tena. Windows itajaribu kukitambua upya. Ondoa kile chenye alama peke yake. Ukiondoa vidhibiti vyote vya USB kwenye kompyuta ya mezani, kibodi na kipanya vinaweza kukatika papo hapo, nawe ukabaki ukitazama skrini.

Kwa Code 28, unganisha kompyuta na intaneti, fungua "Windows Update" na uangalie kama kuna draiva kwenye "Optional updates". Ikikosekana, nenda kwenye tovuti rasmi ya aliyetengeneza kifaa na utafute kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini au nyuma yake. Jihadhari na programu za matangazo zinazodai kurekebisha draiva zote kwa malipo. Huzihitaji, na baadhi yake huingiza uchafu kwenye kompyuta.

Kama kifaa hutambuliwa kisha hupotea baada ya dakika chache, fungua sehemu ya "Universal Serial Bus controllers", bofya mara mbili "USB Root Hub", nenda "Power Management" na uondoe alama ya tiki kwenye sentensi inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme.

Unaponunua kifaa kipya, soma kwenye boksi kinahitaji Windows toleo gani. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Kompyuta yenye mfumo huo bado hufanya kazi, lakini usidhani kila kifaa kipya kitaendelea kuja na draiva yake.

Hatua ya 5: Flashi inaonekana lakini haifunguki

Rudi kwenye alama ya Windows, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Disk Management". Diski 0 kwa kawaida ni ya kompyuta yenyewe, usiiguse. Tambua flashi yako kwa ukubwa wake, kisha usome hali yake:

- Ina ukubwa sahihi lakini haina herufi: ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add". Hatua hii haifuti kitu.
- Imeandikwa "RAW" au "Unallocated": mpangilio wa faili umeharibika. Usifomati wala usitengeneze sehemu mpya. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikishindikana, kuna programu za bure za kuokoa faili kama TestDisk na PhotoRec. Faili zinazookolewa zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyo hiyo.
- Imeandikwa "No Media": kompyuta inaona kifaa lakini haioni kumbukumbu iliyo ndani. Mara nyingi kifaa chenyewe kimekufa.

Diski iliyotayarishwa kwa kompyuta ya Mac pia huenda isisomeke kwenye Windows ingawa ni nzima kabisa. Irudishe kwenye Mac, nakili faili, kisha uitumie utakavyo.

Ukikuta faili zako zote zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, hiyo ni dalili ya virusi, ambavyo mara nyingi huwa vimezificha faili halisi. Usibofye njia hizo za mkato. Kagua flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha ufungue "View" kwenye dirisha la faili na uchague "Hidden items" ili zilizofichwa zionekane.

Printa

Kwa printa, hakikisha kwanza imewaka, ina karatasi na kebo imeingia vizuri kwenye ncha zote mbili. Fungua "Printers & scanners" kwenye "Settings". Kama imeandikwa "Offline", fungua orodha ya kazi zinazosubiri na uangalie kama "Use Printer Offline" ina alama ya tiki, iondoe. Futa kazi zilizokwama, zima printa na kompyuta, kisha uwashe printa kwanza. Angalia pia kama kompyuta inatuma kazi kwa printa uliyo nayo. Printa ya zamani ambayo haipo tena inaweza kuwa bado ndiyo iliyochaguliwa.

Wakati wa kumwona fundi

Mwone fundi kama kifaa kina joto jingi au harufu ya kuungua, kama diski inagonga, kama tundu limevunjika, au kama flashi yenye kazi muhimu imekataa kwenye kompyuta kadhaa. Diski inayogonga usiendelee kuijaribu. Kila jaribio linaweza kuiumiza zaidi.

Kabla ya kumwachia kifaa, mwambie waziwazi unachotaka: faili au kifaa? Fundi asiyeambiwa anaweza kufomati flashi na kukurudishia ikiwa nzima na tupu, naye kwa maoni yake ameifanya kazi. Mweleze ulichokwisha kujaribu na namba ya hitilafu uliyoiona. Kubalianeni bei ya kuchunguza na bei ya kutengeneza, na uulize utalipa nini iwapo faili hazitapatikana. Chukua risiti.

Usimpe nywila ya eCitizen, iTax au PIN ya M-Pesa. Hazihitajiki kwa kazi hii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda taarifa zako binafsi, na anayezishughulikia kwa niaba yako hana ruhusa ya kuzitumia kwa mambo yake.

Kinga

Flashi ni chombo cha kubebea faili. Si mahali pa kutunza nakala ya pekee. Ukizingatia mambo haya manne, kifaa kikifa utapoteza kifaa peke yake:

- Weka faili muhimu mahali pasipopungua patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi au diski, na kwenye hifadhi ya mtandaoni au barua pepe yako.
- Kabla ya kuchomoa, tumia alama ya kutoa kifaa kwa usalama iliyo chini ya skrini karibu na saa. Umeme ukikatika au ukichomoa wakati faili inaandikwa, mpangilio unaweza kuharibika.
- Epuka flashi inayouzwa kwa bei ndogo ikidai nafasi kubwa kupita kiasi. Nyingine zimeghushiwa: hupokea faili nyingi lakini huhifadhi chache. Ukinunua mpya, ijaze kwa nakala za faili ulizo nazo kwingine, kisha uzifungue uone kama zote ni nzima.
- Usingoje siku ya makataa. Chomeka flashi na ufungue kila faili angalau wiki moja kabla, ili hitilafu ikitokea uwe na siku za kuirekebisha.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na kompyuta ya nyumbani, ya kikundi au ya duka, na umsomee anayeitumia zaidi ile sehemu ya tahadhari ya kwanza.